Pampu Iliyonyamaza

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika watu, lakini fundi bomba alimsikia vizuri mwanamke wa gauni la njano akibishana na muuzaji.

"Nataka mabomba ya kupandia saladi."

"Dada, saladi hupandwa kwenye udongo!"

"Yangu haitaki udongo. Inakunywa maji yenye mbolea."

Fundi akajipenyeza. "Mrembo, hayo mabomba nitakutobolea mimi. Nilipe tabasamu, chenji baki nayo."

"Una maneno wewe! Kazi unaiweza?"

Aliiweza. Akayafunga mabomba juu ya paa la nyumba aliyopanga yule dada, pampu ikazungusha maji mchana kutwa, usiku kucha. Mapenzi yakakolea. Kila wakipigiana simu, pampu ilinguruma nyuma ya sauti ya mwanamke. Posa ikapelekwa kwa kaka mtu, ikapokelewa.

Kisha likaja joto kali.

"Uko wapi, mpenzi?" fundi aliuliza siku moja kwenye simu.

"Juu ya paa, na mboga zangu."

"Mbona pampu siisikii?"

"Ah... umeme umekatika."

Kwa fundi, mtaa huohuo, feni ilikuwa inazunguka. Mwanamume mwenye wivu hahitaji ushahidi, anahitaji simu tu. Akampigia kaka mtu: "Dada yako ana bwana mwingine. Posa naivunja."

Kesho yake akapanda juu kung'oa mabomba yake. Akayakuta yameegemezwa ukutani. Saladi zilikuwa kwenye ndoo zilizojaa makumbi ya nazi yaliyosagwa.

"Maji yalipata moto, mizizi ikaoza," mwanamke alisema bila kumtazama. "Nikajaribu kuining'iniza saladi hewani na kuipulizia ukungu wa maji, ikanyauka. Makumbi ndiyo yamekubali. Namwagilia kwa kopo."

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Ulijisifia hayo mabomba mtaa mzima. Nilishindwa kukuvunja moyo."

"Nisamehe, mpenzi. Ni wivu."

"Wivu wako ungeniletea mimi. Umeupeleka kwetu. Mama hajala tangu jana."

"Nitakwenda jioni, nizungumze kiume na kaka yako..."

"Mpigie hapa hapa. Nisikie."

Akabonyeza namba ya kaka mtu. Simu ikapokelewa.

"Shemeji..."

"Shemeji wa nani? Posa si umeivunja?"

"Nilikosea."

"Ulikosea nini? Ngoja, mwambie mama mwenyewe."

Kiti kikaburutwa upande wa pili, kisha ikasikika pumzi nzito ya mama. Fundi akamtazama mwenzake. Hakupata msaada. Akapiga magoti kwenye saruji ya moto, ingawa mama hakumwona.

"Mama, mwanao hakufanya lolote. Mimi ndiye niliyemzushia."