Si Huko, Chini

Nilikuwa nimeshuka mtoni kuchota maji, jua likizama nyuma ya milima ya Wusi, niliposikia kikohozi cha Mama.

Kikavu. Mara mbili. Kisha kimya…

Mama tulimzika mwezi wa nne. Alikata roho uani, mvua ikinyesha, kwa sababu kaka yangu Sylus alikataa kutoa gari. "Ngojeni barabara ikauke," alisema. Nilimchukia palepale. Sijaacha.

Harufu ikafuata. Dawa ya kuchua kifua, ile aliyojipaka kila jioni.

"Wakesho," sauti ikanong'ona kisogoni. "Usimsamehe."

Sikugeuka. Nilikimbia na ndoo nusu.

Nyumbani, Shanice, binti wa Sylus wa miaka sita, alikuwa kitandani, homa siku ya tano. Hospitali walikuwa wamempima wakakosa ugonjwa. Babake akamleta kutoka Voi, mvua hiyohiyo, matope hayohayo. Kwa mtoto wake, gari lilipanda.

Shangazi Loise alinipokea ndoo. "Ni wewe," akasema. "Kinyongo chako kinamla mtoto. Tasa sasa hivi."

Kwetu Taita, kutasa ni hivi: mwenye hasira hujaza maji mdomoni, akayapuliza udongoni, na hasira ikatoka nayo. Shangazi ni wa kwaya, Jumapili hakosi, lakini jambo hili halifanyii mzaha.

"Nitase mimi? Si yeye aombe msamaha?"

"Akiomba, mamako atafufuka? Mtoto anakwisha, mwanangu."

Sylus alikuwa amesimama mlangoni, funguo za gari zikicheza kidoleni.

"Fanya haraka basi. Unataka na huyu afe?"

"Na huyu? Kumbe unajua kuna mwingine aliyekufa!"

"Wakesho!" Shangazi akanisukumia kikombe.

Nikajaza mdomo. Maji yalikuwa baridi kama jiwe.

Kikohozi. Nyuma yangu, ndani ya nyumba.

"Meza," ikanong'ona. "Meza, Wakesho…"

Mama hakuwahi kuniita Wakesho. Hilo lilikuwa jina la mamake. Maisha yake yote aliniita Mama.

Hakuwa yeye.

Nikapuliza kwa nguvu zangu zote.

"Si huko!" Shangazi akapiga kelele. "Chini! Kwenye udongo!"

Maji yalikuwa yamempata Sylus usoni.

Shanice akafumbua macho, akaomba uji. Nami nikalia, mara ya kwanza tangu mazishi, nikalia hadi kifua kikawa chepesi.

Jioni iliyofuata Sylus alirudi kumchukua mtoto. Nilimsikia kabla sijamwona.

Kikohozi. Kikavu. Mara mbili.

Akasimama kizingitini, shingo imekakamaa, anaogopa kugeuka. Nikainusa ile dawa.

"Dada," akanong'ona. "Nani yuko nyuma yangu? Nipe maji nitase… tafadhali."

Ndoo ilikuwa miguuni pangu, imejaa. Nje mvua ilikuwa imeanza.

"Ngoja," nikamwambia. "Ngoja barabara ikauke."