Wimbo Uliovuliwa Jina

Zamani zile wafalme wa nchi za Watamili walikwenda vitani wamevaa maua, na mtu aliyesimama njia panda aliweza kujua kwa shada tu jeshi lile linakwenda kufanya nini. Waliokwenda kuteka ng'ombe walikuwa na ua lao, waliokwenda kuzingira ngome walikuwa na lao, na waliojifungia ndani ya ngome nao hawakukosa la kuvaa. Vita vilikuwa na adabu zake. Watu walikufa vilevile, ila walikufa kwa utaratibu, na waimbaji walikuwapo kuangalia nani amefuata utaratibu huo na nani ameuvunja.

Kuvalai alikuwa mwimbaji wa kike. Alizaliwa katika ukoo wa wapiga vinubi, watu waliohama kutoka baraza hadi baraza wakiimba nasaba za watawala na kutunzwa nguo, nyama na maua ya dhahabu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, sauti nzito kidogo, na kumbukumbu iliyobeba vizazi saba vya watu wasiomhusu. Miaka minne aliishi Mayilkundru, mlima wa tausi, katika baraza la mtawala wake, Kadamban. Na miaka mitatu kati ya hiyo alikuwa akipendana na Kadamban huyohuyo.

Walikutana juu kabisa, kwenye mashamba ya uwele, katika dungu ambalo wasichana hukaa kufukuza kasuku. Kadamban alipanda huko bila walinzi, amevaa shuka ya mkulima, na mara nyingi mvua iliwanyeshea wote wawili, kwa maana paa la dungu lilikuwa la majani machache tu. Hawakuwa na la kutumainia zaidi ya hapo. Binti wa wapiga vinubi hakuolewa na mtawala, na hata yeye Kuvalai angemcheka mwenzake ambaye angeota ndoto hiyo.

Waimbaji wote walilelewa katika sheria moja, nayo ilikuwa kali kuliko sheria za wafalme. Wimbo wa vita hutaja jina: fulani mwana wa fulani, aliyepigana mahali fulani. Wimbo wa mapenzi hautaji jina la mtu. Ndani yake yumo mwanamume, yumo mwanamke, pengine na shoga yake, basi. Mlima, mvua na uwele vilikuwa alama ya wapenzi waliokutana, na kila msikilizaji alilijua hilo tangu utotoni. Mtu akitia jina katika wimbo kama huo amejivua nguo barabarani, na hakuna mwimbaji wa heshima atakayeuchukua kinywani.

Ndipo Mfalme Iyakkan akapanda kutoka bondeni na ndovu mia mbili na wapiga mikuki wasiohesabika. Alitaka Kadamban aukate kwa mkono wake mwenyewe mti mtakatifu wa ukoo, ule uliofungiwa ngoma ya vita, kisha aibebe ngoma hiyo hadi miguuni pake. Mtawala akifanya hivyo amekufa akiwa anatembea. Kadamban alikataa, akafunga malango, na kwa miezi mitatu watu wa Mayilkundru walikula mchele, kisha mizizi, kisha ngozi za ngao zilizochemshwa.

Ilibaki njia moja. Mwimbaji hakuguswa vitani. Alipita katikati ya majeshi mawili kinubi chake begani na mishale ikangoja. Na desturi iliruhusu mfalme aliyezingira ngome aondoke bila aibu ikiwa mwimbaji asiye ndugu wala mpenzi wa aliyezingirwa angeshuhudia kwa wimbo kwamba aliyezingirwa ni mtu wa kustahili kuishi. Kadamban alikuwa na waimbaji watatu. Wawili walikuwa wagonjwa wa njaa, hawawezi kusimama. Wa tatu alikuwa Kuvalai.

Kadamban alimkataza. Alisema ushahidi wa uongo ni mbaya kuliko kushindwa. Kuvalai alimjibu kwamba hakuna neno atakalolisema litakalokuwa la uongo, kwani Kadamban ni mtu wa kustahili kuishi kweli, na akashuka mlima kabla hajakatazwa tena.

Iyakkan alimpokea hemani mwake kwa heshima zote. Alikuwa mtu mnene mwenye macho ya upole, kifua kimepakwa manukato ya msandali, lulu sikioni, na alipenda nyimbo kupita ndovu wake. Mwimbaji wake mkuu, bibi mmoja mwenye nywele nyeupe aitwaye Nallatti, alimshikisha Kuvalai upanga na kumwapisha kuwa si ndugu wala mwandani wa mtu anayemshuhudia. Kuvalai akaapa.

Kisha akaimba. Aliimba jinsi Kadamban alivyowarudishia maskini ng'ombe wao, akiwa amechomwa mishale miwili begani. Aliimba makovu yake, yote kifuani, hakuna hata moja mgongoni. Aliimba jinsi alivyouza pembe zake za ndovu mwaka wa ukame akawalisha hata watu wa bondeni, watu wa Iyakkan mwenyewe. Majemadari walianza kutazama chini. Mfalme aliinua mkono taratibu hadi kwenye shada lake, akashika uzi wake, na kila aliyekuwa hemani alijua kwamba ukikatika uzi ule vita vimekwisha.

Yalibaki maneno ya kufunga tu. Lakini hema lilikuwa wazi upande wa mlima, na Kuvalai akainua macho akaliona shamba. Uwele ulikuwa umeiva na kuinama. Hapakuwa na mtu wa kuulinda, kasuku walikuwa wamejaa juu yake na kuufanya kijani, na dungu lilikuwa limeanguka upande mmoja. Alikuwa hajala siku tano. Ulimi ukamponyoka, na badala ya maneno ya kufunga yakamtoka haya:

"Mvua ya mlimani inajua ni wapi nilipoegemea. Kasuku, kuleni uwele wote, wa kuwafukuza hayupo. Kadamban, Kadamban, nani atakufunika leo?"

Bibi Nallatti alifumba macho kama mtu aliyechomwa. Mlima, mvua, uwele, na jina juu yake! Hata watunza ndovu waliokuwa nje walielewa.

Iyakkan aliuachia uzi wa shada, nalo likabaki shingoni.

"Niliomba ushahidi, binti yangu," alisema, na hakuwa na hasira. "Umeniletea machozi. Nikiondoka sasa watasema Iyakkan alifukuzwa na mpenzi wa adui yake, na aibu hiyo sitaweza kuishi nayo. Laiti ungenyamaza mapema kidogo tu."

Hakumdhuru. Aliagiza apewe chakula, wala Kuvalai hakukigusa. Kutwa hiyo alisikia ngoma, na jua lilipoanza kushuka, malango ya Mayilkundru yalivunjwa na ndovu. Kuvalai alikuwa amemuua Kadamban kwa ulimi wake. Hakutafuta neno laini la kulifunika jambo hilo, siku hiyo wala siku nyingine yoyote ya maisha yake.

Kadamban alipigana mbele ya mti wa ukoo, na mkuki ukamwingia kifuani ukatokea mgongoni. Hakufa papo hapo. Lakini kwa watu wa zama zile jeraha la mgongoni, hata likiwa limeanzia mbele, lilikuwa fedheha isiyofutika ila kwa njia moja: mtu hukaa chini akitazama kaskazini, upanga kando yake, na kujinyima chakula na maji hadi roho itoke. Iyakkan alimruhusu. Alimwekea hata walinzi ili asisumbuliwe.

Kuvalai alimkuta asubuhi ya pili yake, amekaa juu ya mchanga ukingoni mwa kijito, mgongo umefungwa majani. Akaketi mbele yake, akamweleza kila kitu bila kujitetea.

Kadamban akamwomba auimbe wimbo ule, wote, na jina lake. Kuvalai akauimba. Alipomaliza, Kadamban alikuwa akitabasamu, na tabasamu lile lilimuumiza kuliko lawama.

"Ni wimbo mzuri kuliko yote uliyonitungia," alisema. "Litoe jina langu."

"Siwezi, bwana wangu. Sina kitu chako kingine."

"Ukibaki na jina, hakuna atakayeuimba ila wewe, nao utakufa siku utakayokufa. Ukikosa jina utatembea. Nami nataka utembee, Kuvalai. Sisi hatukutembea popote, tulikuwa tu kwenye lile dungu."

Kuvalai alitaka kuketi kando yake atazame kaskazini pamoja naye. Kadamban alikataa, na safari hii Kuvalai alitii. Siku ya sita Kadamban aliinamisha kichwa na hakukiinua tena. Watu wake wachache waliobaki walimsimamishia jiwe, wakachonga jina lake na kazi zake, wakalivisha manyoya ya tausi.

Mwaka mzima Kuvalai hakuimba. Alipoimba tena, ilikuwa kwenye arusi katika kijiji cha wakulima wa mpunga, mbali, ambako hakuna aliyepata kusikia habari za Mayilkundru. Alipofika mahali pa jina alisema "mpenzi", akaendelea. Wanawake walilia. Walimwomba aurudie, na kabla ya mavuno kufika wimbo ulikuwa umemtangulia katika miji ambayo hajakanyaga.

Miaka arobaini baadaye, mtaalamu wa baraza la mfalme mmoja wa kusini alikuwa akikusanya nyimbo na kuzichora kwa kalamu ya chuma juu ya majani mapana ya mvumo, jamii ya mtende. Mayilkundru ilikuwa imegeuka msitu. Jiwe lilikuwa limeanguka, na wachungaji walilitumia kunolea visu. Mtaalamu alimwita kikongwe mmoja mpiga kinubi, aliyesifika kwa kumbukumbu, amwimbie wimbo wa uwele neno kwa neno ili asikosee. Akauandika wote. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwangalifu, akamuuliza kama amewahi kusikia umetungwa na nani, au yule mwanamume alikuwa nani.

Kuvalai alilitazama jani. Lilikuwa na nafasi chini, ya kutosha jina moja fupi.

"Katika nyimbo za mapenzi hamna mtu, bwana," alisema. "Andika hivyo."

Mtaalamu akaandika hivyo, akapuliza vumbi la jani, akaomba wimbo unaofuata.