Unga wa Simbilisi

Kila asubuhi kabla ya shule, Yeny na mdogo wake Wilber waliwatupia simbilisi, wale wanyama wadogo wanono wasio na mkia, majani mabichi pale jikoni, nao wakatoka mbio chini ya jiko. Nyumba nyingi za Sicuani, mji wa milimani nchini Peru, huwafuga hivyo, kwenye joto, hadi siku ya kuwachinja kwa sherehe.

Leo Yeny aliwalisha peke yake. Wilber alikuwa akiharisha tangu walipochinja simbilisi siku ya kuzaliwa kwa Bibi Eufrasia, na dawa ya hospitali iliisha bila kumsaidia. Macho yalikuwa yamemwingia ndani. Yeny aliogopa sana.

"Ni jibini tuliyokula siku ile, ya jirani Mama Tomasa," Yeny alimwambia Bibi. "Yule mama ana lake jambo. Jana aliponiona tu, akafunika ndoo haraka."

"Tangu lini Tomasa akawa msafi?" Bibi alidakia. "Zile kucha zake tu zinatosha."

Walirudi hospitali, Wilber akiwa mgongoni mwa Bibi. Daktari Anaya alikuwa ameshapata majibu ya kipimo cha choo.

"Bakteria hawa ni sugu kwa dawa niliyompa," alisema. "Huenda walishakutana nayo kwingine. Nyumbani mnafuga?"

"Simbilisi tu, daktari. Wazima kabisa."

"Mnawapa dawa?"

"Wapi! Wanakula majani."

Bibi alijibu upesi mno. Yeny akamgeukia, na shaka yote aliyokuwa amemtwika Mama Tomasa ikahamia kwake. Bibi akamkata jicho. Yeny akisema, atamwaibisha Bibi; akinyamaza, Wilber atazidi kuisha.

"Bibi, na ule unga wa dawa unaonunua duka la mifugo?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Simbilisi mmoja akijikunyata, unawatilia wote kwenye maji. Na siku ya sherehe yako, ubao wa nyama mbichi ndio tuliokatia jibini."

Bibi akainamisha kichwa. "Sikutaka wafe," alisema.

Daktari hakumfokea. Alibadilisha dawa, akaagiza wanyama watolewe jikoni, na wakiugua aitwe daktari wa mifugo. Baada ya siku chache Wilber aliomba supu, kisha akaomba tena.

Simbilisi walikuwa wameshahamia bandani Mama Tomasa alipokuja kuomba ule unga kidogo. Simbilisi wake walikuwa wanajikunyata. Yeny alimkaribisha kiti huku akiona haya.

"Nimeutupa, Tomasa," alisema Bibi. "Ukiutumia ovyo, bakteria dhaifu wanakufa, wanabaki walio sugu. Hao ndio walioingia kwa mjukuu wangu, na dawa ya hospitali ikashindwa. Mwite daktari wa mifugo. Na ubao wako wa nyama, usiukatie jibini."