Marehemu Anajifunza Gofu

"Umeikaba tena!" Sorcha alimpigia kelele. "Hiyo ni fimbo, shoga yangu, si shingo ya mwizi. Legeza!"

Rhona akacheka, akalegeza vidole. Ukungu wa bahari ulikuwa umetanda juu ya uwanja wa mazoezi, na kwa ile baridi ya Fife, Uskoti, hata mwezi wa tano pua zinachuruzika.

"Miguu ipanue kama upana wa mabega. Magoti yalegee. Sasa geuza bega la kushoto mpaka lifike chini ya kidevu. Usiharakishe mikono, mwili ndio unaoibeba."

Rhona akazungusha. Fimbo ikachimbua udongo, mpira ukabaki pale pale.

"Umeinua kichwa."

"Nilitaka kuona unakwenda wapi."

"Uende wapi na hujaugusa? Rudia."

Akarudia. Safari hii ulisikika mlio mkavu, tah! Mpira ukapaa, ukavuka vichaka vya miiba yenye maua ya manjano. Rhona akaitupa fimbo na kumkumbatia mwalimu wake.

"Mumeo akiona hii atachanganyikiwa," Sorcha alisema. "Lakini jina lake mbona unanificha?"

"Watu wa huku wana midomo, Sorcha. Atasikia kabla sijamshtukiza."

Ndiyo maana alikuwa akipanda basi mpaka mji wa pili kuja kujifunza. Murdo, mumewe wa ndoa ya miaka kumi na minne, alikuwa amehamia kwenye gofu. Jumatano gofu, Jumamosi gofu. Akirudi ameshakula, anaoga, analala. Rhona, mwalimu wa chekechea, alijiambia: kama mume haji nyumbani, nitamfuata uwanjani. Hata asubuhi hiyo Murdo alikuwa amemtumia ujumbe: "Leo nitachelewa, nina mchezo. Usinisubiri kula."

"Bora wewe una wa kumshtukiza kila siku," Sorcha alisema, akimimina chai ya chupa. "Wangu nampata kwa vipande. Ni mgane. Mkewe alikufa kwa saratani, maskini. Hataki watu wa kwao wajue ameshapata mwingine, anasema bado mapema."

"Pole yake."

"Mwanamke alikuwa mwema, kwa anavyomsimulia. Alikuwa anafundisha watoto wadogo. Siku ya kwanza kunisimulia nililia mimi kuliko yeye."

Simu ya Sorcha ikaita. Mikono yake ilikuwa na glavu zilizolowa, akaigusa kwa kiwiko, sauti ya mwanamume ikasikika nje.

"Mpenzi, nimewahi kutoka. Nipo karibu, nakuja kukuchukua."

Kikombe kilimponyoka Rhona.

"Umeungua?" Sorcha aliuliza. "Rhona? Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo mgane wako!"

"Murdo. Murdo Geddes. Kwani..."

Rhona alifungua simu yake, akamwonyesha picha ya sebuleni kwake: Murdo na soksi zake za sufu, kichwa kimelala kwenye paja la mkewe. Ilipigwa Krismasi iliyopita. Sorcha aliitazama, akakaa chini kwenye nyasi mbichi kama alivyo.

"Aliniambia umezikwa Novemba," alinong'ona.

Gari likasimama. Murdo akashuka na maua mkononi, akiwa anatabasamu. Aliwaona wawili, akarudisha mkono kwenye mlango wa gari.

"Njoo," Rhona alimwita. "Njoo umwone marehemu."

"Rhona, ngoja nikueleze."

"Nieleze nilivyokufa. Nilikufa vizuri? Nililia? Wewe ulinishika mkono?"

"Mungu wangu, Rhona..."

"Mjibu!" Sorcha alifoka. "Mimi ulinielezea kila kitu, mpaka rangi ya jeneza!"

Murdo aliinamisha kichwa. Alimwambia Sorcha kwa sauti ndogo.

"Ningesema tumeachana, ungeniuliza kwa nini. Nami sikuwa na sababu. Hakunikosea kitu."

Hapo ndipo Rhona alipovunjika. Alitamani atajiwe kosa, hata la uongo. Angelishika, angelipigania, angeomba msamaha. Sasa ataomba msamaha wa nini?

"Unampenda?" aliuliza.

Murdo aliyatazama maua mkononi.

"Na mimi mkeo je?"

Akaendelea kuyatazama.

Sorcha alimnyang'anya maua, akamtupia kifuani. "Ondoka. Na usinipigie simu tena."

Murdo alihamia kwa kaka yake, katika mji wa Aberdeen. Rhona akabaki na nyumba yenye viatu vya mwanamume mlangoni. Kazini aliimba na watoto. Nyumbani hakuwasha hata jiko. Mama mkwe alimpigia kumsihi: "Mwanangu, wanaume ndivyo walivyo." Rhona akakata simu.

Jumapili moja mvua ikinyesha, ukaingia ujumbe.

"Umekula?"

Ulitoka kwa Sorcha. Rhona akaandika jibu.

"Bado."

"Fungua mlango. Nimelowa."

Sorcha alisimama pale kizingitini na sufuria ya supu ya dengu, amekonda, macho yamevimba kama ya mwenzake. Rhona alitaka kumfukuza. Akampisha.

Walikaa mezani uso kwa uso, wakanywa supu. Hakuna aliyemtaja Murdo. Wala hakuna aliyeshiba.