Kimulimuli Jikoni kwa Fumie

Jioni ile Fumie alikuta mchele umeshaoshwa. Hakuuosha yeye. Mumewe, Katsuji, alikuwa bado shambani, na binti yao Chinatsu, ambaye kuosha mchele ilikuwa kazi yake, alikufa maji mtoni kiangazi kilichopita. Sufuria ilinuka tope la mto. Juu ya mfuniko alitua kimulimuli mmoja.

Jana yake Fumie alikuwa amepanda peke yake hadi hekalu dogo nyuma ya mianzi, ambalo hata majirani wengi hawalijui, mahali vimulimuli hujaa kama cheche. Alipiga makofi ya sala, akainama, akaomba, "Nirudishieni mwanangu, hata kidogo tu."

"Mama," kimulimuli akasema, "nina baridi."

Fumie hakupiga kelele. Alifungua vazi lake, akamwingiza kifuani.

Tangu hapo akaanza kukohoa maji yenye mchanga, mikono ikawa ya barafu, na kila giza lilipoingia Katsuji alisikia vinyayo vilivyolowa vikipita ukumbini, vikisimama mlangoni, vikija taratibu hadi kwenye godoro lao, kisha mkewe akicheka kwa sauti ya chini na kuimba wimbo wa kubembeleza mtoto.

"Huyo si Chinatsu," alinong'ona. "Mama Chinatsu, linakumaliza hilo."

"Ananiita mama. Wewe ungemfukuza?"

"Ningemfukuza."

Katsuji akambeba mgongoni hadi hekaluni. Bibi Orie, mtunza hekalu, alimpungia fimbo ya kutakasia yenye karatasi nyeupe, akatikisa kichwa. "Mwambie mwenyewe aende, binti yangu. Mimi hanisikii."

"Mama," sauti ikalia kifuani, "nimekosa nini?"

Fumie akafungua vazi lake. "Hujakosa kitu, mwanangu. Nenda."

Kimulimuli akatoka. Vimulimuli wote wa pale hekaluni wakazimika kwa pamoja, na katika giza lile kilio cha mtoto kikazunguka mianzi, kikawapita masikioni, kikakatika ghafla.

Njiani kurudi pumzi ya Fumie ilikuwa na joto tena. "Peke yangu nisingeweza," alisema.

Katsuji alitangulia, ngumi ameibana kifuani, kisha akainama kukohoa. Maji yakamchuruzika kidevuni.

"Baba Chinatsu, fungua mkono."

"Alinipitia karibu," akasema huku analia. "Akaniita baba, Fumie. Ningefanyaje?"

Katikati ya vidole vyake mwanga wa kijani ulikuwa unavuja.