Muuza Vitabu Asiyesoma Mwisho

Mvua ya saa nane iliwasukuma watu wa Kenyatta Avenue ndani ya jengo la maduka madogo, na katika msukumano huo kiwiko cha Kibii kikaangusha rundo zima la vitabu.

"Boss, hizo ni za kuuza, si za kukanyaga!"

Aliyesema hivyo alikuwa Valarie Achola, mwenye kibanda. Alivaa gauni la kitenge la manjano, sweta ya kijivu iliyomzidi mikono, na miwani iliyopanda juu ya nywele na kusahaulika huko.

"Pole, madam. Nitaokota."

"Okota kwa mpangilio. Thriller huku, mystery pale, memoir chini ya meza. Literary niachie mimi. Hizo zina maringo, zikichanganywa na majambazi zinanuna."

Kibii alicheka huku akipiga magoti, shati lake jeupe la kazini likilowa matope. Alifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha maziwa, na kila baada ya wiki tatu aliomba ruhusa amlete mamake kutoka Keringet kwa kliniki ya saratani. Mama alikuwa ameketi kwenye foleni wakati huo, na Kibii alikuwa ametoka kumtafutia kitu cha kusoma.

"Alikuwa mwalimu," alimweleza Valarie. "Anapenda kuwasahihisha waandishi."

"Basi mpe hii ya upelelezi. Mtu ameuawa ndani ya banda la kuku, na kila anayehojiwa anapenda mayai. Ataacha chai ipoe."

"Wewe umeisoma?"

"Mpaka jalada la nyuma."

Sasa, msomaji, hapo ndipo uongo ulipoingia, na uliingia kwa sauti tamu. Katika vitabu mia nne vya kibanda kile, Valarie hakujua mwisho wa hata kimoja. Alikuwa akisoma vizuri hadi mambo yaanze kuharibika, kisha moyo unamwenda mbio, anafunga kitabu na kufungua kingine. Lakini kinywa chake kingeweza kumuuzia chura maji, na wateja walirudi wakishukuru.

Kibii naye alirudi. Mara ya kwanza alirudi kwa ajili ya mamake. Mara ya tano mamake hakutajwa hadi chai ilipokwisha.

"Sasa, mrembo wa vitabu," alikuwa akimpigia jioni.

"Poa, daktari wa maziwa. Mathe amesemaje?"

"Amesema alimjua muuaji kufikia sura ya tatu. Na amesema mwandishi hajui kutumia koma."

"Na mtoto wake amesemaje?"

"Mtoto wake amekumiss. Umevaa nini leo?"

"Sweta mbili na soksi. Wacha zako, Kibii!"

Wakapendana hivyo, kwa simu na kwa vitabu, na Valarie akaanza kuogopa. Akipenda kitu huwa kama mtu aliyesahau jiko likiwaka nyumbani.

Mwezi wa saba Kibii alifika kibandani bila utani. Macho yalikuwa mekundu.

"Babe, leo sitaki mauaji. Vipimo vya mathe havikuwa poa. Nataka memoir, mtu aliyeugua kama yeye akapona. Iko?"

Ilikuwako. Kumbukumbu za mkunga mmoja mstaafu, zilizoandikwa kwa ucheshi na ukali. Valarie alikuwa ameisoma hadi pale nywele za mwandishi zilipoota tena naye akaenda saluni kujionyesha. Zilibaki kurasa kama thelathini.

"Anapona?" Kibii aliuliza.

Angeweza kusema hajui. Ni maneno mepesi. Lakini mwanamume aliyempenda alikuwa amesimama mbele yake akiomba tumaini, na tumaini lilikuwa mkononi mwake.

"Anapona."

"Ukweli, Val?"

"Mpelekee. Ataipenda."

Siku nne zikapita bila simu. Valarie alipiga, hakushikiwa. Aliandika "Niaje dear, mathe anaendeleaje?" na hakujibiwa. Alimuuzia mchungaji riwaya ya majambazi akidhani ni ya maombi, na mchungaji, tumsifu, hakuirudisha. Ijumaa simu ikalia.

"Valarie, sura ya mwisho ya kile kitabu iliandikwa na nani?"

Valarie alishusha miwani kutoka kwenye nywele.

"Iliandikwa na bintiye. Sasa niambie kwa nini mtu aandikiwe sura ya mwisho na bintiye."

"Kibii..."

"Mathe amefunga kitabu, akaniambia Jumanne haendi kliniki. Amesema amechoka. Nilikuuliza mara mbili, Valarie. Mara mbili! Kama hukuwa umesoma, si ungesema tu?"

Akakata. Valarie alikaa juu ya kreti. Mwanamke mzima angekataa dawa kwa sababu yake. Nanyama, aliyekuwa akiuza wigi kibanda cha pili, alikuwa amesikia kila kitu, maana kuta zile ni za mbao.

"Enda kwao," akamwambia.

"Nitasema nini?"

"Sijui. Lakini simu haijui kuomba msamaha. Enda, nitakuangalilia duka."

Jumamosi asubuhi Valarie alishuka Keringet, baridi ikimuuma masikio. Alielekezwa njia kati ya mashamba ya viazi hadi kwenye nyumba ya mabati mekundu. Kibii alikuwa uani akiosha mitungi ya maziwa, gambuti miguuni. Alipomwona, uso ulimlegea, halafu ukakaza upya.

"Umefuata nini?"

"Kibii, mgeni haulizwi hivyo!" sauti ilitoka ndani. "Mlete."

Mwalimu Jelagat alikuwa ameketi dirishani, blanketi magotini, kitambaa cha buluu kichwani. Mwili ulikuwa umepungua lakini macho yalikuwa bado ya mtu anayesubiri wanafunzi wanyamaze.

"Wewe ndiye unayesema anapona."

"Ni mimi, Mama." Valarie alipiga magoti. "Sikuwa nimemaliza kile kitabu. Sijamaliza kitabu chochote miaka sita. Nilikuwa nikimsomea babangu wodini, tulikuwa kwenye sura ya mwisho, na nilipoinua macho hakuwa ananisikia tena. Tangu hapo siwezi. Nikikaribia mwisho naona kama namfumba mtu macho. Nilimdanganya Kibii kwa sababu nampenda, na nimekuumiza wewe. Naomba usiache dawa kwa sababu ya ujinga wangu."

Kibii alikuwa amefika mlangoni. Hakujua hilo la babake Valarie. Miezi mitatu ya simu na hakuwahi kuambiwa.

"Mtoto wangu," Mwalimu Jelagat alisema taratibu, "mimi nilijua yule mkunga anakufa. Mtu anayeeleza hivyo rangi ya mapazia ya saluni anaaga. Kile kitabu hakikunivunja moyo. Kilisema 'nimechoka' wazi, nami nikaona hata mimi naweza kusema. Sasa huyu," akamwonyesha Kibii kwa kidevu, "nikasema nimechoka, sitaki kwenda, akakimbia nje kupiga simu. Hakuketi aniulize nimechoka na nini."

"Mathe, ulisema huendi!"

"Nilisema. Mtu anasema. Ulitakiwa uketi."

Kibii aliangalia sakafu. Kisha akaketi, na gambuti zake na matope yake, kando ya kiti cha mamake.

"Umechoka na nini, Mama?"

Alimwambia. Foleni. Ladha ya chuma kinywani. Watu wanaokuja kumwona wakiongea polepole kama anajifunza lugha. Alisema kwa muda mrefu, na hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza alifuta macho kwa pembe ya blanketi, akainua riwaya kutoka dirishani.

"Jumanne nitaenda. Lakini herufi zimenishinda, na hii nyingine ya upelelezi imebaki sura moja. Valarie, soma."

"Mama, tafadhali. Si Kibii asome?"

"Kibii anasoma kama anahesabu ng'ombe. Soma."

Akasoma. Mpelelezi aliwakusanya washukiwa, daktari wa meno akaanza kutoka jasho. Kurasa zilikonda upande wa kulia. Ndipo Valarie alipoinua macho akaona Mwalimu Jelagat amefumba yake, kichwa kimelala begani.

Kitabu kilimponyoka. "Mama? Mama!"

"Amelala tu," Kibii alisema haraka, mkono wake ukiushika wa Valarie. "Val, niangalie. Anakoroma."

"Sikoromi," Mwalimu Jelagat alisema bila kufumbua macho. "Nasikiliza. Ni daktari wa meno, na tulijua sote. Maliza."

Valarie alimaliza, machozi yakidondoka juu ya karatasi, mkono wa Kibii ukiwa bado pale. Hakuna aliyekufa. Mwisho wenyewe haukuwa mzuri sana, na Mwalimu aliusahihisha.

Jumanne kibanda cha vitabu hakikufunguliwa. Kwenye benchi la kliniki walikaa watatu: Mwalimu katikati, koti la kanisani limemfika magotini, Kibii na faili la vipimo, Valarie katika gauni la manjano, akiuma kucha. Majibu mapya yalikuwa nyuma ya mlango wa daktari, na hakuna aliyejua yalisemaje. Muuguzi alipita na fomu.

"Huyu mgonjwa ako na nani leo?"

"Mwanangu," Mwalimu Jelagat alisema, "na mke wa mwanangu."

Kalamu iliandika. Kibii akashtuka. "Mathe! Bado sijamuuliza."

Muuguzi aliinua kalamu, akawatazama mmoja mmoja. "Basi muulize. Siwezi kuacha nafasi wazi."

Kibii aligeuka. Mbele ya foleni nzima, alisahau kila neno alilokuwa ameliandaa tangu Keringet.

"Val, sijui humo ndani watatuambia nini. Lakini..."

"Andika," Valarie akamwambia muuguzi.

Kisha mlango ukafunguliwa, jina likaitwa, nao wakainuka wote watatu.