Kibanda cha Mtu Mmoja

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika watu mpaka mlangoni, maana bei zilikuwa zimeshushwa na kila mtu alitaka kuwahi kabla ya mwenzake. Fundi wa mapazia alikuwa amebanwa kwenye rafu ya pasi, gauni lake la manjano limekunjamana ubavuni, anapima uzito wa pasi moja mkono huu na nyingine mkono ule. Alipoinua macho, akamwona mwanamume upande wa pili wa duka amemwelekezea kamera yenye lenzi ndefu kama mkono.

Fundi si mtu wa kumeza maneno. Alizitua pasi, akapenya katikati ya watu hadi kaunta ya kamera.

"Samahani kaka, na mimi nimo kwenye bidhaa?"

Yule mwanamume akashusha kamera kwa haraka. Shati lake jeupe lilikuwa limenyooka, na miwani ilikuwa imemteremkia puani.

"Nisamehe, dada. Najaribu lenzi. Nilitafuta kitu kilicho mbali, chenye rangi, halafu kinachotikisika."

"Ninachotikisa ni nini hasa?"

Muuzaji alicheka hadi akashika kaunta. Mwanamume akaona aibu, akamgeuzia Fundi kioo cha kamera. Pale palikuwa na sikio lake, hereni yake, na kipande cha uzi mweupe kimenasa kwenye nywele.

"Nashona mapazia," Fundi alisema akiutoa uzi. "Siku ukinikuta sina uzi kichwani, jua naumwa."

"Mimi daktari wa meno. Wiki nzima natazama vinywa vilivyo wazi. Jumamosi nataka kutazama kiumbe asiyelia kabla sijamgusa."

Alikuwa anatafuta kamera ya kupigia picha ndege na wanyama. Ya zamani, alieleza, ilitoa mlio kila ukibonyeza, na ndege akishasikia mlio humwoni tena. Hii mpya ilikuwa kimya kabisa. Aliinunua hapo hapo.

"Sasa futa picha yangu."

"Nikiifuta nitakuonaje tena?"

"Kwa kuomba namba ya simu," alisema Fundi, "kama watu wengine."

Mapenzi yakaingia mwilini kama homa. Daktari alipiga simu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Fundi alipokea huku pini ziko mdomoni. Daktari alipoomba ashonewe kibanda cha kitambaa cha kujifichia ndege wasimwone, Fundi alimkalisha kwenye kigoda katikati ya karakana, akampima magoti, viwiko, na urefu wa lenzi. Alichagua kitambaa cha rangi ya majani makavu, akaacha tundu la kamera mbele na mlango mdogo nyuma.

"Nimekupimia mtu mmoja," alimwambia akifunga uzi kwa meno. "Hata pumzi ya pili haipati nafasi."

"Usikate uzi kwa meno, mpenzi wangu. Nakuomba kama daktari."

Mahali alipokwenda Daktari kila Jumamosi alfajiri ni kwenye mabwawa ya kusafishia maji taka, pembeni ya jiji. Ndege hawabagui maji, na walijaa pale kuliko bustani yoyote. Fundi aliambiwa aende, akakataa. Mapenzi yana mpaka, alisema, na mpaka wake ni pua.

Basi jioni walikaa kwenye kochi la Fundi, mabega yamegusana, wakitazama picha kwenye kioo cha kamera. Korongo amesimama kwa mguu mmoja. Bata wamelala. Mdiria, ndege mvua samaki, juu ya kijiti, mgongo wake wa bluu unang'aa. Huyo mdiria ndiye aliyemkosesha Daktari usingizi. Alitaka kumpata anapotua na samaki mdomoni, na kila mara alichelewa kidogo.

Jioni moja, kabla ya korongo, ikapita picha ya mgongo wa mwanamke. Koti jekundu la mvua, mkanda umekazwa kiunoni, buti ndefu.

"Huyu nani?"

"Mhandisi wa maji. Anapima maji pale. Nilikuwa naangalia kama mwanga unatosha."

"Na wewe kibandani ulikuwa na nani?"

"Peke yangu, mpenzi."

Fundi akaipitisha picha. Jumamosi ya pili, mgongo uleule. Jumamosi ya tatu tena, na safari hii mkanda umekazwa zaidi. Fundi alianza kukikagua kile kiuno kama mteja anayetafuta kasoro kwenye kitambaa, na hakuipata, na hilo ndilo lililomuuma.

"Mwanaume akisema yuko peke yake," alisema shoga yake pale karakana, mguu wake hautoki kwenye cherehani, "muulize, na nani?"

Jumamosi iliyofuata Fundi alikodi teksi kungali na ukungu. Alivaa lile gauni la manjano kwa makusudi, ili huyo mwingine aone anashindana na nani, akajibanza nyuma ya nyumba ya pampu. Harufu ilimpiga usoni, wala hakuijali. Wivu ukishapanda, pua hulala.

Akawaona. Walikuja juu ya tuta la bwawa wakicheka kwa sauti ya chini, Daktari na kamera yake, Mhandisi na koti lake, na midomo yake imepakwa rangi. Rangi ya mdomo, kwenye maji taka! Wakainama, wakaingia kibandani wote wawili. Mlango wa kitambaa ukashuka.

Mwingine yeyote angejifariji kwamba huenda kibanda ni kikubwa. Lakini Fundi alikishona kwa mikono yake. Alijua goti linafika wapi na kiwiko kinaishia wapi. Alijua kwamba mle watu wawili hawakai bila mmoja kumpakata mwenzake.

Alishuka upande wa chini wa tuta, ambako huwezi kuona kibanda wala kibanda hakikuoni, akakimbia kwenye matope, viatu mkononi. Akaibukia nyuma ya kibanda. Mlango hakuukumbuka. Alitoa makasi kwenye mkoba akachana mshono wake mwenyewe kutoka juu hadi chini.

Ndani alikuwamo Daktari. Peke yake, kwenye kigoda, jicho kwenye kamera.

Bwawa zima likaruka. Mabawa yalipiga kelele kila upande, kisha kukawa kimya. Daktari alikitazama kijiti kilichobaki kikitikisika.

"Alikuwa na samaki," alisema taratibu. "Alikuwa ndio anatua."

"Yuko wapi yule mwanamke?"

Daktari akanyoosha kidole. Kule mbali, juu ya tuta, koti jekundu lilikuwa limesimama. "Dokta!" Mhandisi alipaza sauti. "Kuna usalama?"

"Ndege wakimwona mtu anaingia kibandani," Daktari alieleza, hamtazami Fundi, "hawasogei mpaka wamwone anatoka. Kwa hiyo tunaingia wawili, mmoja anatoka. Wanadhani hakuna mtu. Ndege hawajui kuhesabu."

"Mimi najua. Nilihesabu wawili, na wewe uliniambia ulikuwa peke yako."

"Nilikuwa peke yangu."

"Baada ya yeye kutoka! Na kabla?"

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Ningekuambia nini? Mpenzi, njoo ukanyage uvundo, unifikishe hapa, halafu uondoke? Mtu hamwambii ampendaye aondoke."

"Kwa hiyo kazi yangu ukampa mwingine."

"Na wewe hukuniuliza. Ulikuja na makasi." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Nenda nyumbani, Fundi."

Akaenda. Siku zilizofuata alishona mapazia ya ofisi nzima kwa hasira, simu ameiweka mbele ya cherehani, nayo haikulia. Aliona haya, na bado alikuwa na wivu, na hakujua kwamba viwili hivyo vinaweza kukaa kifua kimoja. Aliogopa kwamba amempoteza mwanamume mwaminifu kwa kumshuku.

"Si umeona mwenyewe hakuna kitu?" shoga yake alimuuliza.

"Mimi nimeona. Wivu haujaona."

Simu ililia Alhamisi mchana. Aliishika hata pini hajazitema.

"Fundi."

"Daktari."

"Kibanda changu kimechanika."

"Kilete nikishone."

"Sikileti. Njoo ukishonee kulekule bwawani, Jumamosi. Natafuta mtu wa kunisindikiza."

"Na Mhandisi?"

"Nimemshukuru, nimemwambia kuna mwenye kazi yake. Akasema nilichelewa kukuambia."

"Alisema kwa sauti gani?"

"Fundi!"

"Nauliza tu." Akatema pini. "Mimi nina wivu, Daktari. Usije ukasema hukuambiwa."

"Nimeambiwa na makasi. Na mimi nakuomba radhi. Ulistahili kuambiwa ukweli wote, siyo nusu."

Jumamosi Fundi alikuja na gauni la rangi ya vumbi, kitambaa amekifunga puani, sindano mkononi. Alishona pale pale, kwa mkono, wakati jua linachomoza. Kisha wakaingia wote wawili, na kweli, hapakuwa na nafasi. Goti lake lilikuwa juu ya goti la Daktari.

"Hivi ndivyo mlivyokuwa mnakaa?"

"Yeye hakukaa. Aliinama, akatoka. Wewe umekaa."

"Nimechoka na safari."

Daktari alicheka bila sauti. "Haya, toka sasa. Tembea polepole. Lakini mpenzi, usigeuke. Ukigeuka watajua kuna kitu umekiacha nyuma."

Fundi akatoka, akapanda tuta. Hajawahi kupewa kazi ngumu kama ile. Shingo yake yote ilitaka kugeuka. Alijua fika kwamba mle ndani hakuna mtu zaidi ya mpenzi wake, na bado kila hatua aliitafuna kama dawa chungu. Simu ikatetemeka mfukoni, akaipokea.

"Usigeuke," Daktari alinong'ona. "Amekuja. Yuko juu ya kijiti, anatazama maji."

"Sasa unanipigia mimi wa nini?"

"Nataka kukuuliza jambo nikiwa na ujasiri, na nina ujasiri ukiwa umenipa mgongo. Nikuoe?"

Fundi akasimama. Machozi yalimtoka, akayaacha yateremke.

"Daktari, ndege yuko wapi?"

"Amezama. Ametoka. Fundi, ana samaki, anatua! Nijibu."

"Mpige picha kwanza! Akikuponyoka leo, nitasimangwa mpaka uzeeni."

Simu ikawa kimya. Kamera nayo ilikuwa kimya, kama muuzaji alivyoahidi.

"Nimempata," Daktari alisema. "Nimempata, na samaki wake."

"Haya. Sasa niulize tena, kwa sauti, maana nageuka."

Akageuka. Ndege wote wa bwawa wakaruka kwa pamoja, na mwanamume aliyekuwa anatoka kibandani kwa magoti, akilitaja jina lake kwa sauti, hakuinua hata jicho kuwatazama.